Jina Ambalo Sikukutajia

Mkuyuni, Mwanza
14 Septemba 1995

Kaka yangu mpendwa Anatory,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, wifi Dorotea na watoto, na kwamba mama amepata nafuu ya miguu huko Bukoba. Mimi homa sina. Nakula kidogo, nalala kidogo, na kila nikisikia viatu mlangoni nazima taa. Nisamehe kwa mwandiko. Nikianza upya sitamaliza.

Mwanza sasa haina habari nyingine ila uchaguzi. Ukienda kununua dagaa unaulizwa kwanza uko upande gani. Mgombea mkubwa wa upinzani alipokuja, watu walimzimia gari wakalisukuma kwa mikono kutoka Buzuruga hadi mjini, huku wakiimba.

Kikundi chetu unakijua, nilikueleza uliponitembelea Julai. Ni sisi wafanyakazi wachache wa kiwanda cha nguo, tunaokutana Jumapili baada ya misa katika chumba cha kushonea cha Jovitha, tukisoma na kubishana. Bado tunaamini kiwanda ni mali ya wanaokiendesha, ingawa siku hizi ukitaja ujamaa watu wanakutazama kama umevaa suruali ya mwaka sabini. Mgombea wetu wa urais hatuna. Chama kinachotawala kimeshasema kiwanda kitauzwa. Huyu wa upinzani anawakaripia wala rushwa mpaka jukwaa linatikisika, lakini alipoulizwa habari za viwanda alijibu kuwa mwekezaji akipatikana atakaribishwa. Basi tumegawanyika katikati.

Anayetaka tumpigie kura huyo wa upinzani ni Mihayo, fundi wa mitambo. Anasema tusitafute malaika, tutafute mlango. Chama kimoja kikishaondoka baada ya miaka yote hii, hata wafanyakazi watapata pumzi, na huyo bwana tutapambana naye baadaye. Mimi nimempinga waziwazi. Nilimwuliza, tukimpa kura mtu aliyetuambia mapema kwamba atatuuza, siku ya kuuzwa tutamlilia nani? Jovitha alicheka, akasema sisi wawili tukiachwa tutabishana hadi Krismasi. Tulipanga kukata shauri kwa kura Jumapili hii, na upande utakaozidi wote tuufuate na kuwashawishi wenzetu kiwandani.

Wiki iliyopita tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Meneja hakufoka. Alikaa na mgeni asiyejitambulisha, akatueleza maneno tuliyosema kwa Jovitha, nani alisema nini, kisha akatukumbusha kwa upole kuwa watu wa kupunguzwa kazini bado hawajachaguliwa. Josephat alitoka mle akatapika nyuma ya ghala la pamba. Ng'washi ana watoto wadogo na hana mume, hajakanyaga tena kwa Jovitha. Wote tuliitwa isipokuwa Mihayo.

Unaweza kukisia kilichofuata. Wenzetu wanasema aliyeachwa ndiye aliyetuchoma, na kwamba ndiyo maana anatuvuta kwa mgombea mkubwa, ametumwa atutoe hadharani tuonekane vizuri. Josephat anaapa kumvunja mguu. Jumapili wanataka kumfukuza kabla ya kura, na akifukuzwa upande wangu utashinda. Wameanza kunipongeza. Mihayo mwenyewe alikuja kuniuliza kama nami naamini hayo. Nilimwambia nimechelewa zamu, nikamwacha amesimama getini. Niliona aibu hata kugeuka nyuma.

Kaka, sasa nitasema. Ndani ya karakana ya ufumaji mashine zinapiga kelele hata humsikii mtu aliye begani kwako, kwa hiyo sisi wafumaji tunaongea kwa kutazamana midomo. Tunasalimiana, tunasengenyana, hata kutongozana, bila sauti. Wageni hawalijui hili. Siku moja kabla ya kuitwa, mgeni yule alisimama mlangoni na msimamizi wetu, akidhani kelele inamsitiri. Nilikuwa naunga uzi uliokatika. Niliinua macho, nikamwona anauliza Kijiko ni yupi. Msimamizi hakuelewa, ndipo akamfafanulia kwamba ni Paskazia, nyumbani wanamwita Kijiko.

Mwanza hakuna anayenijua kwa jina hilo. Ulinipa wewe, kwa sababu nilikuwa nakataa kula kwa mkono. Nikaegemea mtambo unaokwenda, nusura unichukue vidole.

Nimejitahidi sana kukutetea moyoni. Labda huko ofisi ya chama tawala unakofanya kazi walikubana, labda ulidhani unanilinda. Lakini yote tuliyoambiwa ni yale niliyokusimulia tukila sato kwangu, na walioitwa ni wale niliokutajia. Mihayo hakuitwa kwa sababu jina lake nililiruka. Nililiruka makusudi, maana ungeniuliza ni nani kwangu, naye ni Msukuma, tena si Mkatoliki, na mimi nilikuwa bado natafuta namna ya kukuambia kwamba nataka kuolewa naye.

Jumapili nitasimama mbele yao niseme kwamba maneno yalitoka kwangu, na yalikwenda kwa nani. Josephat ana mikono mizito. Huenda Mihayo naye asinitake tena. Kura itapigwa akiwepo, upande wangu unaweza kushindwa, na nitalazimika kumpigia debe yule bwana nisiyemwamini hata kidogo. Naogopa yote hayo. Kinachoniumiza ni kwamba kila nikiogopa, mtu wa kwanza ninayetaka kumkimbilia bado ni wewe.

Mama asisomewe barua hii. Mwambie tu nitatuma kitenge kwa meli ya wiki ijayo. Nisalimie wifi sana, na watoto wote.

Jina la Mihayo sasa unalo. Nililiandika nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Wakimwita ofisini, nitajua sina kaka. Wasipomwita, na kama bado atanitaka, wazee wake watakuja kwako kuleta posa, kwa kuwa tangu baba atuache, ni wewe wa kuipokea.

Ni mimi mdogo wako,
Paskazia