Sabuni Niliyokufundisha

Mwanangu,

Barua yako imenifika. Mjomba wako hajambo, bado anabishana na redio. Paka amezaa juu ya madaftari yangu ya ualimu.

Unasema ule ugonjwa wa ukeni umerudi mara ya tano, na mumeo amehamia chumba cha pili, akidai umeutoa kwa mwanamume mwingine. Daktari anataka kukuwekea humo vidonge vya bakteria, nawe unaniuliza, "Shangazi, niongezewe vijidudu tena?"

Unanijua, lazima nieleze. Ukeni huishi bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo huwazuia wabaya. Dawa ulizomeza ziliwaua wabaya, lakini wazuri hawakurudi, ndiyo maana ugonjwa unapata nafasi. Daktari anataka kuwarudisha. Kubali, hata kama itachukua muda.

Nilimuuliza muuguzi wa hapa kinachowafukuza wale wazuri. Akacheka: "Mwalimu mzima wa sayansi! Si hii tabia ya kujiosha ndani kwa sabuni?" Sikuweza kucheka naye.

Wiki ya harusi yako, ni mimi niliyejifungia nawe chumbani nikakufundisha kujiosha hivyo, asubuhi na jioni. Hata mwezi uliopita nilikutumia miche sita ya sabuni. Itupe yote. Maji matupu, tena nje tu, yanatosha.

Kisha mpe mumeo barua hii aisome mwenyewe. Kama anamtafuta mtu wa kulaumu, anwani yangu ipo juu ya bahasha.

Ni mimi, shangazi yako.