Ekstensheni ya Baba na Kidude cha Kaka

Mwenzangu, nimekimbia barabarani nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Acha kucheka.

Kile kidude alichokipachika kaka kwenye soketi ya nyumbani kwa mama baada ya msiba wa baba, kinachogundua waya ukianza kupiga cheche, kimepiga kelele kwenye simu yangu nikiwa saluni. "Hatari! Cheche sebuleni!" Nampigia mama, simu inaita tu. Msusi ananiuliza naenda wapi, na kitana chake kimebaki kichwani kwangu.

Nafika, mama huyo kwenye kochi, amekifunika kidude kwa mto. Kwa mto!

"Kinapayuka kama mgeni asiye na adabu," anasema.

Na nyuma ya kochi hilohilo ekstensheni ya baba inafuka moshi. Ile aliyoizungushia utepe mweusi kila ilipokatika, mpaka ikanenepa.

Nikazima swichi kuu, nikaichomoa.

Mama akasema, "Usiitupe. Aliifunga kwa mkono wake."

"Mama, ingekuchoma!"

Akaiangalia weee. Kisha akasema, "Ningemfuata mapema hivi, angenigombeza."

Baba yule! Angemgombeza kweli.

Basi nimeikata plagi yake, isichomekwe tena popote. Sasa inaning'inia kwenye msumari chini ya picha yake. Mama mwenyewe amekiondolea kidude mto, akakipangusa vumbi, akakiambia, "Haya, samahani baba."

Kitana bado kiko kichwani. Msusi ananipigia.