Chuma Nilichokimbilia Kuosha

Kinindo, Bujumbura

Mama yangu,

Shikamoo. Nyonga inasemaje? Usiniambie "nzuri tu". Kaka Idi amenipigia akasema siku hizi unashuka ngazi za nyumba kwa makalio. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na kazi bado ninayo, ingawa Jumanne nilikwishaipa mkono wa buriani. Ngoja nikusimulie, maana inakuhusu.

Hapa kliniki natunza vyombo vya chumba cha upasuaji. Mtu akibadilishiwa nyonga, daktari hutumia vyuma bapa, virefu kama mwiko, vimepinda nchani, kuzuia nyama isirudi ili aone mfupa. Wenyewe wanaviita ekarteri. Tunavihesabu kwa sauti kabla ya kupasua, na tena kabla ya kushona. Kikianguka kimoja, hakitoki chumbani mpaka hesabu iishe. Kanuni hiyo niliitia saini siku ya kwanza.

Jumanne alilala mezani bibi mmoja wa Kinanira, umri wako kabisa. Katikati ya kazi chuma kimoja kikamponyoka msaidizi, kikalia sakafuni. Mama, wewe ndiye uliyenilea: kijiko kikianguka jikoni kwako kinaoshwa kabla hakijatulia, la sivyo ni kofi. Mkono wangu haukuuliza. Niliinama, nikakiokota, nikakipitisha dirishani kwa mzee anayeosha vyombo, nikarudi mahali pangu. Nikasahau kabisa.

Wakati wa kushona ulipofika, Sista Domitila, mkubwa wetu, akahesabu. Akarudia.

"Dokta, kimoja kinakosa."

"Basi apana kushona. Na hakuna mutu anatoka."

Utasema, chuma kirefu hivyo kitajificha wapi ndani ya mtu? Kanuni haiangalii urefu. Bibi wa watu amelala kidonda wazi, sisi tunapekua mashuka na ndoo, na hata msaidizi amesahau kilichomponyoka. Nilipoinama kutazama chini ya meza ndipo nikakumbuka nilivyoinama mara ya kwanza. Bado niko kwenye miezi ya majaribio, tena mgeni. Nilijua nikifungua mdomo kazi imekwisha. Nikamtazama yule bibi, nikakuona wewe.

"Dokta, ni mimi. Kilianguka, nikakipeleka kuoshwa."

Daktari akageukia dirisha.

"Leta nione," akasema.

Mzee akakitoa kinang'aa, kinadondosha maji. Sista akahesabu upya, mwanzo mpaka mwisho, na daktari akaanza kushona.

Baadaye Sista aliniita. Nilikwenda na mkoba wangu begani, tayari kwa safari.

"We, kama ungenyamaza, leo ungerudi kwenu Kigoma," akaniambia. "Lakini umesema. Mi natafuta mutu wa kusema. Kuanzia kesho ni we utahesabu."

Nililia chooni kwa furaha mpaka pua ikavimba. Bibi wa Kinanira ameshaanza kutembea na fremu yake, na jana alinigombeza kwamba chai yetu haina sukari.

Msalimie sana mama mdogo, ambaye kila siku anakujaza hofu kwamba madaktari huwasahaulia watu vyuma mwilini. Mwambie nimeona kwa macho yangu chumba kizima kikisimama kwa ajili ya chuma kimoja kilichokuwa kwenye karo. Msalimie na kaka Idi. Boti yake ikileta tena mzigo bandarini hapa, akupakie na wewe. Daktari ameshakubali kukutazama.

Njoo, Mama. Siku yako nitahesabu mimi, tena kwa sauti ya kukuamsha. Na kikianguka kitu, nakuahidi, sitakiosha.

Mwanao anayetamani kukuona ukitembea,
Zuhura