Shikamoo Iliyokwama Kwenye Mfumo wa Bajeti

Mwanza,
Alhamisi jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Goti linasemaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba umepanda tena juu ya paa kuziba bati linalovuja, na kwamba ulimkataza asiniambie. Nimeshaambiwa. Tafadhali shuka, mwite fundi. Natumaini Mama naye ni mzima na chai imechumwa vizuri. Mimi sijambo, nakula na nalala, ila wiki hii nimekonda kidogo kwa sababu nitakayokueleza. Barua yangu iliyopita uliirudisha na kalamu nyekundu, saba juu ya kumi, ukaandika pembeni "fupi mno, mwandishi ana haraka gani?" Haya, hii ni ndefu. Lakini ualimu ulistaafu, Baba, isome tu.

Unajua kilichonileta huku. Kampuni yetu inanunua dagaa visiwani na mwambao wote wa ziwa, inakausha, inafungasha na kuuza mpaka Kongo. Ina vituo kumi na viwili. Miaka yote bajeti ilikaa kwenye faili moja la Excel linaloitwa "Bajeti Mpya ya Mwisho Kabisa Halisi", na mkuu wa kituo akizidisha matumizi alimpigia mkurugenzi simu, wakaongea, wakacheka, mambo yakaisha bila mtu kuandika chochote. Mimi niliajiriwa kuyaondoa hayo yote na kuweka mfumo mpya wa mipango ya fedha.

Basi nikauweka. Ni mfumo mzuri, Baba, nisikudanganye. Kituo kikitumia zaidi ya kilichopangiwa, mstari wake unakuwa mwekundu, na mkuu wa kituo anatakiwa kuandika sababu kwenye kisanduku kiitwacho Maelezo. Asipoeleza kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi saa sita mchana, kituo chake kinaingia chenyewe kwenye orodha ya kufungwa inayokwenda kwa bodi. Hilo alilitaka mkurugenzi mwenyewe, Bi. Minza, mama wa miaka arobaini na kitu, mkali lakini wa haki. Simu akazipiga marufuku. Kisanduku nilikipima mimi. Nilikipa herufi mia moja, hata nafasi tupu zikihesabiwa, ili watu wasituandikie hadithi. Nilijiona mjanja kweli.

Jumatatu Bi. Minza akaniita ofisini. Kompyuta yake alikuwa ameigeuza inielekee mimi.

"Soma ya Nansio," akasema.

Nikasoma: "Shikamoo Mkurugenzi. Habari za Mwanza na familia? Sisi Nansio hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Dhumuni"

"Dhumuni nini?"

"Imeishia hapo, Bosi."

"Haya, soma nyingine."

Nyingine zilikuwa hivyo hivyo. Mmoja alianza na Bwana asifiwe, akaulizia watoto mmoja mmoja kwa majina, herufi zikamwishia kwenye mtoto wa tatu. Mwingine alitoa asalaam aleikum na pole ya msiba wa mwaka jana, basi. Faraji tu, msimamizi wa ghala la hapa mjini, ndiye aliyeandika "Shikamoo. Panya." Matumizi yake ya mitego yamepitishwa, lakini ofisi nzima inamsema kwamba hana adabu.

"Tumpale," akasema Bi. Minza, "nimesalimiwa na kampuni nzima, na sababu niliyopewa ni panya."

Siku hiyo hiyo nikakipanua kisanduku, herufi elfu mbili, nikawaomba wote waandike upya. Kufikia Jumanne wote walikuwa wameandika, tena kwa urefu wa kutosha, isipokuwa Nansio. Huko kisiwani mkuu wa kituo ni Mama Magesa, mwenye wanawake ishirini wanaoanika dagaa. Walikuwa wamenunua maturubai mara tatu ya yaliyopangwa, na mstari wao ulikuwa mwekundu kuliko wote. Nikavunja marufuku nikampigia kwa simu yangu mwenyewe. Hakupokea. Jumatano nikapanda meli.

Nilimkuta ufukweni anakagua chanja za kuanikia dagaa. Hakukubali tuongee kazi kabla sijala, kwa hiyo nilikula ugali wa muhogo na sato, huku saa inakwenda. Nilipomaliza nikamwuliza mbona hajaandika.

"Mwanangu, nimeshaandika. Nimemsalimia Mkurugenzi. Hajaitikia."

"Mama, mfumo hauna mahali pa kuitikia."

"Ameutengeneza nani?"

"Ni mimi, Mama."

Akaniangalia kuanzia viatu. "Kwenu nyie hamsalimiani?"

Nikamwambia kwetu ni Tukuyu, baba yangu ni mwalimu, tunasalimiana sana tu. Hapo nilikuonea haya, Baba, nilihisi nimekuaibisha mkoa mwingine.

"Sasa wewe," akasema, "ukibisha hodi kwa mtu, hajakukaribisha, unaingia tu unaanza kuongea habari za maturubai?"

"Basi niambie mimi, nitamwandikia."

"Kwani wewe ndiye Mkurugenzi?"

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nilipokuwa narudi gatini mmoja wa wale wanawake alinifuata, mikono yake imejaa magamba, akaniuliza taratibu, "Dada, ni kweli tunafungiwa?" Nikamwambia tutaangalia. Njia nzima nilijichukia kwa jibu hilo.

Leo asubuhi nimeongeza kisanduku cha pili, kinaitwa Majibu. Nikampelekea Bi. Minza mbio.

"Andika tu marahaba, Bosi. Neno moja, ataeleza."

Akaweka vidole kwenye kompyuta. Akaviondoa.

"Mama Magesa ana miaka mingapi?"

"Sitini na nane."

"Huyo ni sawa na mama yangu mzazi kabisa! Nimwitikie marahaba? Wazee wa kwetu Bujora wakisikia watasemaje?"

"Amekusalimia kwa sababu ya cheo, Bosi."

"Najua. Angeniamkia hapa mlangoni ningemshika mkono, nikacheka, yakaisha. Lakini hii ikiandikwa inabaki. Haifutiki. Si ndivyo ulivyoutengeneza mfumo wako?"

Ndivyo nilivyoutengeneza. Nilimkumbusha orodha. Akasema taratibu ni taratibu, kituo kisichojieleza hawezi kukitetea mbele ya bodi, na simu hapigi kwa sababu akipiga kwa mmoja, kesho wote kumi na mmoja watataka kupigiwa. Saa kumi na moja akachukua mkoba wake akaondoka. Kisanduku cha Majibu kikabaki kitupu.

Ndiyo hali, Baba. Wanawake ishirini wanaweza kukosa kazi kesho saa sita kwa sababu mmoja anasubiri kuitikiwa na mwingine anaogopa kuitikia, na wote wawili wana haki. Mwenye kosa ni mimi niliyepima adabu za watu kwa herufi. Ninaogopa sana. Wewe ungenishauri nini? Najua barua itakufikia mambo yameshapita, lakini kukuuliza kumenipunguzia.

Msalimie Mama, mwambie vitenge nimeviona sokoni nitamletea. Bibi mzaa mama umsalimie kwa sauti kubwa, upande wa sikio la kushoto. Kaka Gwamaka dereva wa lori, akifika huko, mkumbushe ana dada. Shangazi mshonaji asinishonee tena bila kunipima, nguo ile imemkaa vizuri mwenye nyumba wangu. Na Mchungaji jirani yetu umwombe aniombee, hasa kesho.

Mwanao,
Tumpale


Ijumaa, mchana

Baba, bahasha nilikuwa nimeshaigundisha. Nimeichana ili niongeze hili.

Saa nne asubuhi Bi. Minza aliniita. Nilidhani ananiachisha kazi. Akanionyesha kisanduku cha Majibu. Alikuwa ameandika, na ameshatuma: "Shikamoo Mama Magesa. Samahani nimechelewa. Ni mimi Minza. Habari za Nansio?"

"Usiku kucha nimefikiria," akasema. "Ile yake siwezi kuipokea. Nimempa ya kwangu."

Tukakaa tukisubiri. Akaagiza chai, hakuna aliyeinywa. Saa tano ikapita. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni nzima, Baba, na alikuwa anang'ata kucha kusubiri kuitikiwa. Saa tano na nusu maandishi yakatokea:

"Marahaba mwanangu. Mvua ilinyesha siku tisa, tukanunua maturubai, dagaa hawakuoza."

"Ni hayo tu?" Bi. Minza akaniuliza.

Ni hayo tu. Akamwita Faraji wa ghala, naye akathibitisha kwamba mwezi ule wa mvua dagaa wa vituo vingine vyote walioza wakauzwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Waliofaa kuliwa na watu walikuwa wa Nansio peke yao. Bi. Minza akabonyeza Imekubaliwa na ule mstari ukageuka kijani. Kisha akaandika tena chini yake, kwenye mfumo wangu usiofutika: "Ahsante sana Mama."

Mimi nilikwenda chooni nikafunga mlango nikalia, Baba. Sikuwahi kudhani kwamba nitalia kwa ajili ya maturubai.