Mifupa Anayotafuna Kijivu

Baba Shani,

Bujumbura jua kali, na roho yangu iko juu juu. Simu yako haipatikani. Kadi hii nampa dereva wa basi, iwahi kabla mchinjaji hajamfuata Kijivu Jumamosi.

Nilimweleza muuza dawa za mifugo wa Bwiza kwamba ng'ombe wetu hajaingia joto la kutaka dume mwaka wa pili. Akauliza tu, "Anatafuna mifupa?"

Nikasema ndiyo, na tunampiga.

"Apana, mama, haiko tasa. Iko na njaa ya madini; ikiyapata, itabeba mimba."

Nimepata jiwe la madini la kulamba, nimelipakata hapa. Mchinjaji mrudishe, mume wangu. Nisalimie watoto. Ukimkuta Kijivu na mfupa, mnyang'anye taratibu. Miaka miwili alikuwa anaomba, tukamjibu kwa fimbo.

Mama Shani