Unga wa Mlonge wa Antipasi

Jumatatu, 4 Machi 2024
Antipasi kaja gulioni Nduguti na kipaza sauti. Mwaka jana aliuza sumu ya panya, mwaka huu ni tabibu! Anauza unga wa mlonge — eti unafuta zebaki mwilini. Wachimbaji wa dhahabu wamepanga foleni. Wa tatu nani? Noel. Mdogo wangu wa damu, niliyemfundisha kemia mwenyewe kidato cha pili. Nilijificha nyuma ya magunia ya vitunguu.

Jumatano, 6 Machi
Noel kaniuliza kama Antipasi ni mwongo. Nikamweleza ukweli, ndio ulioniponza. Kwamba majani ya mlonge yana viambata vinavyopunguza madhara ya sumu ya metali kwenye seli. Kwamba panya waliolishwa majani hayo maini yao yaliumia kidogo kuliko ya wenzao. Akatabasamu. Yaliyofuata hakuyasikia: kupungua si kwisha, panya si mtu, na hakuna panya aliyevuta moshi wa zebaki kila jioni kwa kupenda. Kaondoka akisema hata dada kakubali.
Mjinga. Na mimi mwenye stashahada je?

Alhamisi, 7 Machi
Antipasi anatangaza sokoni: mwalimu wa sekondari kathibitisha. Wanafunzi wananipongeza.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekuja kwa Noel kumchukua mkewe, Felista. Ana mimba ya miezi sita. Zamani Noel alichomea nje dhahabu yake iliyoshikana na zebaki, akisimama upepo unakotoka — akili ndogo, lakini akili. Sasa eti ana kinga. Anachomea jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali. Felista naye anakunywa unga kutwa mara tatu, kwa ajili ya mtoto.
Nimemwambia akusanye nguo, akajifungulie kwangu. Kaitikia, kaingia ndani.
Naandika hapa uani, nimekalia ndoo. Nusu saa sasa. Noel kawasha jiko, mlango wa jikoni wazi, kikaango juu. Mvuke wa zebaki hauonekani. Hilo nalo nilimfundisha.
Felista katoka. Hana mfuko. Ana vikombe viwili vya maji ya kijani. Kimoja ananipa kwa mikono miwili, kapiga goti na tumbo lake lile.
"Kunywa, wifi. Noel kasema hapo ulipokaa moshi unafika."