Sweta Isiyokwenda Bangkok

Jumatatu, 3 Novemba 1997
Nimekimbia hadi Merigi na kurudi kabla ya kuchuma chai. Jaketi mbili za kuazima na kofia ya sufu, alivyoagiza kocha. Anasema Bangkok tunakokwenda kushindana ni joto tupu, nizoee kupikika. Wachumaji wenzangu walinicheka. Mvua haikatiki na mimi natafuta jasho.
Kipkoech alinipokea kwa kilio. Alinyonya hata sijavua raba.

Jumatano, 5 Novemba
Kocha alikuja. Tunaondoka tarehe ishirini, tutakaa huko siku kumi. Mtoto haendi. Mimi nilidhani nitambeba mgongoni, tena nilikuwa nimeshamwambia mume wangu Kiprono hivyo. Ujinga.
Nisipokwenda, nafasi inapewa msichana wa Kapsoit. Mwaka jana nilialikwa mbio za ng'ambo, mimba ikanizuia. Sitaalikwa mara ya tatu.
Nataka kwenda. Naandika hapa kwa sababu nikilisema kwa sauti nitaonekana mama mbaya.

Ijumaa, 7 Novemba
Kumwachisha ziwa. Maziwa ya kikombe anatema. Chupa anaitupa. Uji, vijiko viwili, kisha anakodolea macho kifua changu. Miezi kumi na mmoja tu na kichwa kigumu kama cha baba yake.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya kanisa tumempeleka Sigor kwa kogo yake, mama yake Kiprono. Ndivyo watoto wa kwetu wanavyoachishwa, wanalala kwa nyanya mpaka wasahau. Niliambiwa nisimuage. Nimerudi na mgongo mtupu. Matiti yanauma.

Jumatano, 12 Novemba
Kogo amemrudisha mwenyewe, matope hadi magotini, amenuna. Mtoto amegoma maziwa tangu aachwe, amelamba uji kidogo tu. Midomo imekauka. Kogo anasema hana neno na mtoto, mtoto ndiye hana haja naye.
Nimemnyonyesha tukilia wote wawili. Siendi. Namchukia yule msichana wa Kapsoit na hata simjui.

Alhamisi, 13 Novemba
Sikukimbia. Nilikuwa nikitafuta mtu wa kumtuma kwa kocha, Kiprono akanikataza. "Ngoja kwanza," alisema. "Kwani huyu mtoto ni wako peke yako?"
Akachukua sweta yangu ya kijani, ile ya kuchumia chai, inanuka majani, moshi na maziwa. Akaivaa. Mikono ilimfika kwenye viwiko. Akajifunga leso yangu juu yake na kunifukuza niende kwa jirani. Nilicheka njia nzima.
Niliporudi kikombe kilikuwa bado kimejaa. Sikucheka tena.

Jumamosi, 15 Novemba
Wanaume waliokuwa wakipeleka maziwa barabarani walisimama kumtazama Kiprono ndani ya sweta yangu. Mmoja aliuliza ameolewa lini. Kogo bado yuko kwetu, barabara ya Sigor imeharibika, naye hakumpa mwanawe nafasi ya kupumua. "Kiprono, wewe ni mwanaume ama ni mama ya nani?"
"Mimi ni mama ya huyu mpaka mwenye kazi arudi."
Najua alivyo na haya huyu mtu. Kanisani hukaa kiti cha nyuma. Leo amesimama uani na leso yangu, watu wakipita.
Mtoto alisukuma pua kwenye mkono wa sweta akakaa hivyo. Kisha akanywa nusu kikombe.

Jumatatu, 17 Novemba
Nilijificha kwenye chai nikawachungulia. Kikombe kizima. Hakulia hata kidogo. Nilitamani alie. Haya, nimeandika.
Blauzi ililowa maziwa, si mvua. Nikavaa jaketi nikapanda kilima mara mbili. Nilikimbia vizuri, hilo ndilo la kushangaza.

Jumatano, 19 Novemba
Begi liko tayari. Raba, kaptura, Biblia, kitambaa cha kujifunga kifua. Jaketi nimezirudisha kwa wenyewe. Kocha alituagiza kila mtu abebe sweta nzito, ndani ya ndege ni baridi kali.
Sweta ninayo moja. Nimeivaa kutwa nzima. Nimechuma nayo, nimepika nayo, mchana nimejilaza nayo. Jioni nimeitundika nyuma ya mlango, Kiprono asihangaike kuitafuta kesho. Sikuifua.
Mvua inanyesha. Kipkoech amelala upande wa baba yake.